KDF nchini Somalia na kampeni za 2017: je, mirengo ilitofautiana kisera au ilitofautiana kwa sababu ya kiti?

Mwanamdahalo (Mombasa) ameuliza:

Wanajamvi, nawasalimu kwa heshima, na wakubwa wangu shikamooni.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Mombasa, na mwezi ujao nimepangiwa kushiriki mdahalo ambao hoja yake inasema kwamba katika uchaguzi mkuu wa 2017 wapiga kura wa Kenya walipewa nafasi ya kweli ya kuamua kama majeshi yao ya ulinzi (KDF) yabaki Somalia au yarudi nyumbani. Nimepewa upande wa kuiunga mkono hoja hiyo, na nilipoanza kusoma nilidhani kazi itakuwa nyepesi. Muungano wa NASA, chini ya Raila Odinga, uliahidi kuwarudisha askari ukishika madaraka, nayo Jubilee ya Rais Uhuru Kenyatta ikashikilia kwamba askari wangebaki hadi Somalia itulie na mpaka wetu uwe salama. Nikasema, basi, hapa pana milango miwili na mpiga kura amepewa funguo zote mbili.

Kilichonivuruga ni orodha ya waliokuwa serikalini mwezi Oktoba 2011, majeshi yalipovuka mpaka kwa operesheni iliyoitwa Linda Nchi, baada ya watalii kutekwa Lamu na wafanyakazi wa misaada kutekwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Ilikuwa serikali ya nusu mkate, yaani ya mseto, chini ya Mwai Kibaki. Waziri Mkuu alikuwa Raila Odinga, Makamu wa Rais alikuwa Kalonzo Musyoka, Waziri wa Mambo ya Nje alikuwa Moses Wetang'ula, na Musalia Mudavadi alikuwa Naibu wa Waziri Mkuu. Vigogo hawa wanne ndio waliopanda jukwaa la NASA mwaka 2017 wakitaka majeshi yarudi. Upande wa pili, Uhuru Kenyatta alikuwa Naibu mwingine wa Waziri Mkuu na mwenye hazina mkononi, ilhali William Ruto alikuwa ameachwa nje ya baraza la mawaziri miezi michache kabla ya vita kuanza.

Kwa hiyo karibu kila aliyegombana juu ya vita hivi mwaka 2017 alikuwa ndani ya nyumba wakati mlango unafunguliwa. Swali langu ni hili: tofauti yao ilikuwa ya sera, ambayo mpiga kura angeweza kuipima na kuiamua, au kila mtu alisema kile ambacho kiti alichokalia kilimtaka aseme? Na kama ilikuwa tofauti ya sera, mbona jambo lenyewe halikuonekana kuwa na uzito kwenye sanduku la kura, baada ya yote yaliyotokea Westgate, Mpeketoni, Garissa na El Adde?

Naomba hoja, si matusi ya mirengo. Yale ninayo ya kutosha kutoka kwa wajomba zangu.

Mchambuzi wa Nairobi amejibu:

Kijana wetu, umeanza pahali pazuri, nami nitakuambia bila kuzunguka kwamba ilikuwa tofauti ya kiti, na kwamba upande uliopewa utakutoa jasho.

Angalia mfuatano wa mambo. Mwezi Novemba 2011, wiki chache tu baada ya majeshi kuingia, Waziri Mkuu Odinga alikwenda Israel kutafuta msaada wa kupambana na wanamgambo wa Al-Shabaab. Huyo si mtu aliyeburutwa vitani. Kismayu ilipotekwa mwishoni mwa Septemba 2012, serikali nzima ilishangilia, na katika kampeni za Machi 2013 vita havikuwatenganisha wagombea wakuu, kwa kuwa kila mmoja wao alitaka sehemu ya sifa. Mwaka huo, jambo la nje lililogawa mirengo lilikuwa Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu ya The Hague. Somalia iligeuka kuwa hoja ya upinzani baada ya upinzani kuwa upinzani. Mkutano wa Saba Saba pale Uhuru Park, tarehe 7 Julai 2014, ulipitisha maazimio kadhaa, na kuondolewa kwa KDF kulikuwa mojawapo, kukiwa kumepangwa pamoja na malalamiko ya gharama ya maisha, ufisadi na tume ya uchaguzi. Yaani vita viliingizwa kwenye kapu moja na bei ya unga.

Kisha tazama upande wa pili wa ukurasa. Baada ya Machi 2018, Uhuru na Raila waliposalimiana kwenye ngazi za Harambee House, dai la kuwarudisha askari lilizimika taratibu. Kampeni za 2022 zilitawaliwa na unga, mafuta, madeni ya taifa na hasla (walalahoi) dhidi ya nasaba (familia kubwa za kisiasa), ingawa askari wetu walikuwa bado wako Jubaland, kusini mwa Somalia, katika kikosi cha Umoja wa Afrika chenye jina jipya la ATMIS. Kama hoja ya 2017 ilikuwa ya itikadi, ilikwenda wapi?

Wenzetu Wamarekani wana mfano unaofanana sana na huu. John Kerry alipiga kura Seneti mwezi Oktoba 2002 kumruhusu Rais Bush kutumia nguvu dhidi ya Iraq, halafu mwaka 2004 akagombea urais akivikosoa vita vilevile. Alipobanwa kuhusu nyongeza ya dola bilioni 87 za vita, alieleza kwamba aliiunga mkono kabla ya kuipinga, na mahasimu wake waliyageuza maneno hayo kuwa tangazo la kampeni lililomfuata hadi siku ya kura. Mwanasiasa aliyekuwa ndani wakati wa kuingia hawezi kuuza kutoka bila kuulizwa, "Nawe ulikuwa wapi?" Jubilee iliuliza swali hilo kila mara, na NASA haikuwahi kulijibu vizuri.

MkaaAmu amejibu:

Bwana Mchambuzi anazungumza kama mtu aliyevitazama vita hivi kutoka ghorofani, na sisemi hivyo kwa kumdharau. Mimi ni mtu wa Lamu, na ningependa mwanafunzi wetu ajue namna vita vya nje vilivyogeuka kuwa ugomvi wa vyama huku kwetu, kwa sababu havikungoja kampeni.

Usiku wa tarehe 15 Juni 2014, watu wa Mpeketoni wakiwa wanatazama mechi ya Kombe la Dunia kwenye vibanda na mahoteli, watu wenye silaha waliingia mjini, wakachoma majengo na magari na kuua. Usiku uliofuata waliua tena vijijini, na idadi ya waliokufa katika siku hizo mbili ilipita 60. Al-Shabaab walidai kuwa ni wao, wakataja uwepo wa majeshi ya Kenya nchini Somalia kuwa sababu. Lakini Rais alipolihutubia taifa alisema hawakuwa Al-Shabaab, bali ni mitandao ya kisiasa ya hapa hapa iliyolenga jamii moja. Gavana wetu wa wakati huo alikamatwa, na baadaye mashtaka yakaondolewa. Tarehe 5 Julai kukashambuliwa sehemu za Hindi na Gamba, na siku mbili baadaye ndiyo hiyo Saba Saba.

Sasa fikiria wewe ni mvuvi wa Amu na unasikiliza redio. Upande mmoja unakwambia maiti zile ni kazi ya upinzani. Upande mwingine unakwambia ni matunda ya vita ambavyo serikali imekataa kuviacha. Hakuna upande unaokwambia nani atalinda barabara ya Witu kesho asubuhi. Somalia, ambayo kwetu si nchi ya mbali kwa kuwa tuna ndugu kutoka Kiunga mpakani mpaka Ras Kamboni na Kismayu na lahaja zetu zinaelewana hadi Barawa, ikawa ni neno la kumpigia mwenzako kisiasa. Ukisema majeshi yatoke, wewe ni CORD, muungano wa upinzani wa wakati ule. Ukisema yabaki, wewe ni Jubilee. Na ukinyamaza, wote wawili wanakushuku.

Halafu ikaja amri ya kutotoka nje, jioni hadi asubuhi. Watu wa bara walidhani ni usumbufu wa vilabu vya pombe. Ami yangu alikuwa akivua kwa jarife, na jarife hutegwa magharibi na kuvutwa kabla ya alfajiri, kwa sababu mchana samaki anaiona nyavu na anaikwepa. Alipokatazwa bahari ya usiku alijaribu kutega asubuhi, akawa anarudi na samaki aina ya taa wawili watatu na visamaki vya kukaangia watoto, dau lile lile lililozoea kushusha papa na nguru. Alipomaliza miezi kadhaa hivyo, aliuza mashine ya dau. Nyavu ilikaa ukumbini mpaka panya wakaifanya yao.

Mwaka 2017 wagombea walipofika Mkunguni, mbele ya ngome, nilikwenda kusikiliza nikitarajia kwamba angalau mmoja angetuambia vita vya Somalia vimetugharimu nini na yeye angefanya nini. Walitutajia hati za ardhi, bandari ya LAPSSET, ajira za vijana. Sikuwalaumu sana, hayo pia ni yetu. Lakini hoja ya KDF ilikuwa imeachwa Nairobi, kwa ajili ya wanahabari. Huku kwenye gharama yenyewe haikufika kama sera, ilifika kama tuhuma.

Kwa hiyo, mwanangu, jibu langu kwa swali lako la pili ni hesabu. Kaunti nzima ya Lamu ilikuwa na wapiga kura takriban 70,000, katika daftari la taifa lenye watu zaidi ya milioni 19.6. Walioumia zaidi na vita walikuwa wachache mno kumtisha mgombea yeyote wa urais.

Wakili wa Kisumu amejibu:

Nimewasoma wote wawili. MkaaAmu ameandika mambo ambayo sitathubutu kuyaongezea. Lakini hoja ya Bwana Mchambuzi siwezi kuiachia ipite, maana inamfanya kila mtu anayebadili msimamo kuwa mnafiki.

Jiulizeni kwanza, majeshi yaliingia kufanya nini? Sababu iliyotolewa Oktoba 2011 ilikuwa kuwafuata watekaji na kuwasukuma Al-Shabaab mbali na mpaka, na serikali ikategemea haki ya kujilinda iliyomo kwenye ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Katikati ya 2012 askari wale wale wakawa sehemu ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika kilichotangulia ATMIS, wenye jukumu la kuisaidia serikali ya Mogadishu kusimama. Kisha wakawa nguzo ya utawala wa Ahmed Madobe huko Jubaland. Hizo ni kazi tatu tofauti, na mtu aliyekubali ya kwanza hakuwa amekula kiapo kwa ya tatu. Hoja ya Odinga tangu 2014 ilikuwa kwamba lengo la awali lilikwisha kutimizwa na kwamba hakukuwa na tarehe wala mpango wa kutoka. Unaweza kuikataa, lakini ni hoja.

Pili, mambo mapya yalitokea. Duka kuu la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, watu 67 waliuawa. Mandera, Novemba na Desemba 2014, abiria 28 wa basi na kisha wachimba mawe 36. Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148. Mtu aliyeunga mkono vita kabla ya hayo yote kisha asibadilike hata chembe ndiye ningemwomba maelezo.

Tatu, na hapa ndipo ningependa mwanafunzi akae kidogo, Katiba ya 2010 ilitaka jambo hili lisiwe la vyama. Ibara ya 240 inalipa Baraza la Usalama wa Taifa uwezo wa kupeleka majeshi nje ya Kenya, kwa idhini ya Bunge. Mwaka 2011 majeshi yalivuka kwanza, na mjadala wa Bunge ulikuja askari wakiwa tayari wako matopeni huko, mvua za vuli zikinyesha. Mbunge gani angesimama kupinga wakati vijana wako mstari wa mbele? Kila upande ulikosa mahali pa kusema mapema na kwa kumbukumbu rasmi kwamba "tunakubali kwa masharti haya". Laiti kura hiyo ingepigwa kabla, na masharti yakaandikwa, NASA mwaka 2017 ingekuwa na karatasi ya kuonyesha na Jubilee ingekuwa na ahadi ya kutolea hesabu. Badala yake hoja iliangukia majukwaani, mahali pabaya kabisa pa kupimia vita.

Bwana Mchambuzi ametaja Marekani. Mimi nitataja Uhispania. Serikali ya Aznar ilipeleka askari Iraq mwaka 2003 ingawa Wahispania wengi walipinga, na chama cha Zapatero, ambacho hakikuwa madarakani, kiliahidi kuwarudisha. Tarehe 11 Machi 2004 treni za Madrid zililipuliwa, watu zaidi ya 190 wakafa, serikali ikang'ang'ania kwamba ni kundi la ndani la ETA hata dalili zilipokuwa zikielekea kwingine, na siku tatu baadaye wapiga kura wakaiondoa. Zapatero alitimiza ahadi. Kufikia mwisho wa Mei askari wapatao 1,300 walikuwa wamerudi. Kule mpiga kura alipewa nafasi ya kweli, kwa sababu ahadi ilitangulia msiba na aliyeitoa alikuwa na mikono safi.

Mwanamdahalo ameandika:

Nashukuru sana, wakubwa zangu. Mzee wangu Wakili, nimeuelewa mfano wa Uhispania, ila naona kama unanikata miguu badala ya kunisaidia, kwa kuwa ukiuweka kando ya Kenya unaonyesha hasa kile tulichokosa. Je, kuna ushahidi wowote kwamba serikali ya Jubilee ilikuwa tayari kuyarudisha majeshi kutoka popote kwa shinikizo la nyumbani? Kama upo, ningeweza kusema kwamba kura ilikuwa na uwezo wa kuisukuma.

Mchambuzi wa Nairobi amejibu:

Upo, na ni wa ajabu kidogo. Mwanzoni mwa Novemba 2016, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa Ban Ki-moon alimwachisha kazi Luteni Jenerali Johnson Ondieki, Mkenya aliyekuwa kamanda wa walinda amani wa Sudan Kusini, kufuatia mapigano ya Juba ya Julai mwaka huo. Nairobi ilikasirika na ikatangaza mara moja kuwaondoa askari wake kule, takriban elfu moja. Uamuzi ukachukuliwa ndani ya siku chache. Kwa hiyo serikali ilijua njia ya kurudi nyumbani pale heshima yake ilipoguswa. Lakini tazama nani aliyeguswa: ikulu na jeshi. Mpiga kura hakuwemo kabisa.

Na kwa kuwa Wakili amenisahihisha kuhusu kazi tatu, namwachia hapo. Ni kweli, na nilipaswa kuanza nalo. Ninachobaki nacho ni kile kimya cha 2022.

Mwalimu wa Kaskazini amejibu:

Nilifundisha katika kaunti mojawapo ya kaskazini mashariki kuanzia 2012, na kwetu nyumbani ni Kakamega. Naomba niseme jambo ambalo halijaguswa, nalo ni kwamba upande wa kule mpiga kura alikuwa na sababu zake za kutofuata mstari ambao Nairobi iliuchora.

Baada ya basi lile la Mandera, ambalo lilikuwa limejaa walimu waliokuwa wakienda likizo ya Desemba, sisi tusio wenyeji tulikataa kurudi. Mwanzoni mwa 2015 wenzangu wengi walipiga kambi Nairobi wakidai uhamisho, na mimi nilikuwa miongoni mwao, nikiwa na begi moja na blanketi la shule ambalo sikuwahi kulirudisha. Darasa langu la nane lilibaki na vijana wawili waliomaliza sekondari mwaka uliotangulia, wakifundisha hesabu kutoka kwenye daftari langu. Mwanafunzi mmoja alikuwa akinipigia simu kila Jumapili jioni kuuliza majibu ya mazoezi. Alinipigia hadi Machi, kisha akaacha.

Sasa, wazazi wa watoto wale walitaka nini kwenye kampeni za 2017? Wengine walitaka KDF waondoke Somalia kwa sababu waliamini ndio wanaoleta mashambulizi. Wengine walitaka wabaki, kwa kuwa wana jamaa Gedo na Jubba ya Chini waliokuwa wakipumua kwa sababu ya kambi hizo. Wengi zaidi walitaka msako wa usalama usiwachukulie kila Msomali kuwa mshukiwa, maana kumbukumbu ya Aprili 2014 ilikuwa bado mbichi, watu walipokusanywa Eastleigh na kufungiwa kwenye uwanja wa Kasarani ili vitambulisho vyao vikaguliwe. Na juu ya yote hayo walikuwa na wazee wa koo waliokaa vikao na kukubaliana kiti cha ugavana kiende wapi. Mtu wa Garissa Mjini aliongoza wabunge wa serikali pale Bungeni, Aden Duale, na watu walipima faida ya kuwa naye karibu na meza. Huwezi kukunja mambo hayo yote ndani ya "yabaki" na "yatoke".

Ningemwambia mwanafunzi kwamba hoja ya wakimbizi ilikuwa kali kuliko ya majeshi. Baada ya shambulio la Garissa, Naibu Rais aliupa Umoja wa Mataifa miezi mitatu kuihamisha Dadaab. Mwaka 2016 serikali ikatangaza kuifunga, na Februari 2017, miezi sita kabla ya kura, Mahakama Kuu ikasema kuifunga ni kinyume cha katiba. Hapo mirengo haikugawanyika waziwazi. Kuwatetea wakimbizi hakukuwa na kura upande wowote.

Msomaji wa Arusha amejibu:

Nawapongeza majirani kwa mjadala wa heshima. Kwetu Tanzania jambo hili lina sura nyingine. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipiganwa wakati wa chama kimoja, hivyo hakukuwa na mrengo wa kuvibeba wala kuvipinga jukwaani. Mwaka 2013 tulipeleka askari mashariki mwa Kongo kwenye kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa, pamoja na Afrika Kusini na Malawi, na katika kampeni za 2015 kati ya Magufuli na Lowassa sikumsikia mgombea akifanya Kongo kuwa hoja. Desemba 2017 askari wetu zaidi ya kumi waliuawa kambini Semuliki kwa usiku mmoja. Miili ilipokelewa Dar es Salaam kwa heshima zote, majina yakatangazwa, nchi ikaomboleza, na mjadala wa kama tuwepo au tusiwepo haukufunguliwa na chama chochote kwa uzito. Nyinyi mnalalamika kwamba hoja yenu ilichezewa na vyama. Sisi hatukupata hata wa kuichezea.

Wakili wa Kisumu amejibu:

Ndugu wa Arusha amenigusa mahali aliposema majina yakatangazwa, kwani hilo ndilo jibu la swali la pili la mwanafunzi ambalo sote tumelipita.

Kambi ya KDF ya El Adde, nchini Somalia, ilivamiwa alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016. Hadi uchaguzi unafanyika, na hata leo, serikali haijawahi kutangaza idadi kamili ya askari waliokufa pale. Rais wa Somalia alitaja idadi inayokaribia 200 kwenye mahojiano. Hesabu ya shirika la habari la CNN ilifika 141. Mwanahabari mmoja alikamatwa kwa aliyoyachapisha mitandaoni kuhusu shambulio hilo. Tarehe 27 Januari 2016 pakafanyika ibada ya kitaifa kwenye kambi ya Moi, Eldoret, Rais Buhari wa Nigeria na Rais Hassan Sheikh Mohamud wakihudhuria. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 27 Januari 2017, ikavamiwa kambi ya Kulbiyow, na hapo tena idadi ya vifo iliyotolewa na jeshi na ile ya wavamizi zikawa mbali kama mbingu na ardhi.

Nilihudhuria mazishi mawili mwaka ule, moja Nyakach na moja Vihiga. Kote kuwili ofisa aliyekuja na jeneza alisoma wasifu wa marehemu, vyeo na nishani, na alipofika kwenye kifo alisema tu kwamba alifariki akiwa kazini nje ya nchi. Mama mmoja akauliza kwa sauti, wenzake ni wangapi? Hakujibiwa. Familia zilizofiwa zilitawanyika nchi nzima, kila moja ikidhani iko peke yake au karibu peke yake. Chama kinachotaka kuwaunganisha watu hao kuwa kura kingeanzia wapi, bila hata orodha? NASA ilikuwa na ahadi, lakini haikuwa na hesabu ya kuitia ahadi uzito, na aliyekuwa na hesabu ndiye aliyekuwa anashindana nayo.

MkaaAmu amejibu:

Wakili, Mungu akulipe kwa hilo. Niongeze kidogo tu. Mwaka 2014 Somalia ilitupeleka kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki (ICJ), nayo iko The Hague, kwa mpaka wa bahari, na hukumu ya Oktoba 2021 ilitukata sehemu kubwa ya eneo tulilokuwa tukilidai. Huo nao ulikuwa ugomvi na nchi ile ile, na bahari ile ile ambayo wavuvi wa Kiunga wanaitumia, na mirengo haikupata cha kugombania humo. Ndipo nikaona kwamba wanasiasa wetu waligombana juu ya Somalia pale tu palipokuwa na mtu wa nyumbani wa kulaumiwa.

Mwanamdahalo ameandika:

Wakubwa zangu, nimewaandikia waandaaji wa mdahalo usiku huu. Nimewaomba neno "nafasi ya kweli" libaki kwenye hoja, lakini upande wangu uruhusiwe kulifasili, nao wamekubali. Nitatetea kwamba tofauti ya 2017 ilikuwa ya sera, kwa kutumia zile kazi tatu za Mzee Wakili, na nitakiri mapema mwenyewe kabla sijakirishwa kwamba mpiga kura hakupewa idadi, hakupewa kura ya Bunge iliyotangulia vita, na kwamba waliolipa gharama kubwa walikuwa wachache kwenye daftari. Kuhusu kimya cha 2022 bado sina jibu la kumpa Bwana Mchambuzi, na najua mpinzani wangu, binti mmoja wa Kwale, ataanza nacho.

MkaaAmu, ningependa kuitaja ile jarife ya ami yako bila kumtaja yeye, kama utaniruhusu.

MkaaAmu amejibu:

Itaje. Ila useme jarife, usiseme nyavu ya kawaida, maana wazee wa Amu watakuwepo ukumbini.